Wimbo wa Kumi Hauna Nyuzi

"Gari lake hilo," alisema Mama, bila kuinua macho kutoka kwenye beseni la njugu za pekani.

"Nimelisikia."

"Basi kanawe uso. Una vumbi la pamba mpaka kwenye kope."

"Sinawi uso kwa ajili ya Royce Dunagan. Mwambie sipo."

Mama akavunja ganda jingine, akachokoa kokwa na kulidondosha bakulini. "Oleta, mimi ni mtu wa kanisa. Siwezi kusema uongo Alhamisi halafu Jumapili nikakae benchi la mbele. Isitoshe umekaa kibarazani, mwanangu. Anakuona."

Kweli alikuwa ananiona. Alikuwa ameegesha pikapu yake ya kijani, ile yenye mlango mmoja mwekundu, pale uzio unapoishia na shamba la pamba linapoanzia. Akashuka, akavua kofia, akasimama hapo hapo. Hakuthubutu kusogea. Si kwamba aliniogopa mimi, ingawa alikuwa na sababu. Alikuwa anaiogopa nyumba ya baba yangu.

Nami nilikuwa nimejiapiza nisimtazame. Nikamtazama. Alikuwa amekonda. Siku mbili tu tangu nimkatie simu na mtu ameshakonda, nikajisemea, anataka nimwonee huruma. Na mbaya zaidi, huruma ilikuwa imeshaanza kunijia.

Ngoja nieleze alichonifanyia, uamue mwenyewe kama nilikuwa na haki.

Miaka saba niliimba sauti ya pembeni kwenye bendi ya watu watano, katika kila ukumbi wa dansi kuanzia Lubbock hadi Fort Worth. Bendi ilipovunjika kila mtu akashika njia yake, na mimi nikaingia studio kurekodi albamu yangu mwenyewe. Ya kwanza. Jina langu peke yake kwenye jalada: Oleta Strickland. Nyimbo kumi, zote nimezitunga mimi. Tisa zilikuwa za bendi nzima, ngoma na magitaa ya umeme, kantri iliyochanganyika na roki, ule muziki ambao watu wa kantri wanasema una makelele na watu wa roki wanasema unanuka ng'ombe. Lakini wimbo wa kumi ulikuwa wetu wawili tu. Sauti yangu, na stili ya Royce.

Stili ni lile gitaa linalosimama kwa miguu yake kama meza. Mpigaji anakaa nyuma yake, anateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, na linalia kama mtu anayemkumbuka mwenzake. Royce ndiye anayelipiga vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na wimbo wenyewe nilimtungia yeye. Alikuwa na tabia ya kuchelewa, na kila akichelewa alikuwa anagonga mlango kwa aibu kama mpangaji asiyelipa. Basi nikaandika:

*Ukichelewa usibishe hodi,
mlango wangu sikuufunga.*

Baada ya ubeti wa pili mimi nilinyamaza, na stili ikajibu. Mapigo thelathini na mawili. Siku tuliporekodi, fundi wa studio alivua miwani akafuta macho, akasingizia moshi wa sigara. Nikamwachia Royce kazi ya kuchanganya sauti pamoja na huyo fundi, mimi nikaenda Austin siku mbili kupigwa picha ya jalada. Nilimwamini. Mtu ukimpenda unampa hata ufunguo wa kabati.

Jumanne nikaletewa bahasha kutoka kiwanda cha santuri. Ndani kulikuwa na santuri moja, lebo nyeupe tupu, ya majaribio. Natakiwa niisikilize, halafu kabla ya Ijumaa saa sita mchana nipige simu niseme ndiyo au hapana. Nikisema ndiyo, mashine zinaanza kufyatua na hakuna wa kubadilisha kitu tena. Nikaisikiliza peke yangu, nikiwa na tabasamu la mpumbavu, mpaka nikafika wimbo wa kumi.

Stili haikuwepo. Niliimba beti mbili, nikanyamaza, na baada ya hapo hakuna kitu. Mapigo thelathini na mawili ya ukimya, halafu ubeti wa tatu. Royce alikuwa amejifuta.

Sasa unaelewa.

"Leta," aliita kutoka kule uzioni.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kujieleza."

"Ulikuwa na wiki tatu za kujieleza. Ukaona ni afadhali ujifute."

"Sikujifuta. Nilijipunguza."

Mama akacheka, ameinamia beseni lake. Nikamkata jicho.

Nikashuka ngazi, maana siwezi kugombana na mtu kwa umbali ule. Maneno yanapoa njiani. Nilipomkaribia, harufu yake ikanifikia, sabuni na mafuta ya kusafishia nyuzi, na ilibidi nikunje mikono kifuani nisije nikaisahau hasira yangu.

"Mwanamke anakutungia wimbo," nikamwambia, "na wewe unatoka ndani yake kimyakimya, kama umesahau sufuria jikoni. Ukitaka kuniacha, Royce, niache kwa mdomo wako. Usiniachie pengo kwenye santuri."

"Nani kasema nataka kukuacha?"

"Santuri imesema."

Akaizungusha kofia yake mikononi. Royce ana macho ya kijivu ambayo hayajui kudanganya, ndiyo maana akitaka kuficha jambo huwa anaangalia viatu. Sasa alikuwa anaangalia viatu.

"Unaona?" nikasema. "Viatu."

"Mwambie, Royce," Mama akapaza sauti kutoka kibarazani. "Au nitamwambia mimi, na mimi naongezaga chumvi."

Nikageuka. "Mama, wewe unajua?"

"Mimi ndiye niliyempa chai ya barafu siku ile. Ulikuwa Austin unapigwa picha. Huyu akaja hapa, Jumamosi asubuhi, na shati limepigwa pasi upande wa mbele tu."

Nikamtazama Royce. "Ulikuja hapa? Kwa Baba?"

"Nilikuja kuomba nikuoe," akasema taratibu. "Kwa baba yako. Kama inavyotakiwa."

Nikashika uzio.

Hapa lazima nimtaje baba yangu, Hollis Strickland. Miaka thelathini sasa ni kiongozi wa nyimbo katika kanisa letu, na kanisa letu haliimbi na chombo chochote. Hakuna kinanda, hakuna gitaa, ni koo za watu tu. Yeye anasimama mbele, anapuliza kifilimbi kidogo cha kutafutia sauti, anainua mkono wa kulia, na watu mia mbili wanaimba kwa sauti nne kama wamezaliwa tumbo moja. Mimi alinifundisha nikiwa sijajua hata kufunga kamba za viatu. Nilipofika miaka ishirini nikaondoka na bendi, na siku ile alisimama kibarazani akasema mbele ya kila mtu: "Sauti niliyoifundisha kusimama yenyewe sitaisikiliza ikiegemea nyuzi."

Miaka saba. Hakuwahi kunifukuza, hakuwahi kunikatalia chakula wala kitanda. Nimekuja Krismasi zote. Lakini redio ikipiga sauti yangu alikuwa anainuka, anatoka nje kuangalia ng'ombe. Na ng'ombe tuliwauza mwaka wa pili.

"Akakujibu nini?" nikamuuliza Royce.

"Alisema hana neno baya juu yangu. Akasema, 'Lakini kijana, unaniombaje mtu ambaye mimi mwenyewe sijamsikia miaka saba? Simjui huyo unayemtaka. Ninayemjua alikuwa na miaka ishirini.'" Akameza mate. "Leta, hakusema kwa ukali. Ningeweza kuuvumilia ukali. Alisema kama mtu aliyepoteza kitu na hajui pa kuanzia kukitafuta."

Nikachomoa kipande cha pamba kilichonasa kwenye uzio.

"Nikarudi studio usiku ule ule. Nikawaza, neno lake hawezi kulivunja, tunamjua. Nyuzi hawezi kuzisikiliza. Basi zitoke nyuzi. Nikamwambia fundi aishushe sauti ya stili yangu mpaka chini kabisa."

"Ule ndio upigaji wako bora kuliko wote."

"Najua."

"Na hukuniuliza."

"Ningekuuliza, ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza, Royce Dunagan."

"Ungesema baba yako aache ukaidi kwanza."

"Ningesema hivyo, ndiyo."

"Na yeye angesema uache nyuzi kwanza. Na mimi ningezeeka kwenye huo uzio."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga kofi, na kati ya hayo mawili nikajikuta nalia. Siku mbili nilikuwa nimeamini kwamba hanitaki. Siku mbili nilikuwa nimelala na kiatu mkononi nikimtafutia laana ya kumfaa. Na kumbe mpumbavu huyu alikuwa ameng'oa kitu chake kizuri kuliko vyote ili baba yangu anisikie. Kifua kikafunguka, nikavuta pumzi mpaka chini.

"Bado nimekasirika," nikamwambia.

"Sawa."

"Nitakasirika mpaka Jumapili."

"Nitasubiri," akasema, na sasa macho yake hayakuwa kwenye viatu.

Huko shambani mashine ya kuvunia ikazimika. Baba alikuwa anakuja kunywa chai yake.

Alitembea katikati ya mistari ya pamba, mrefu, amejaa nyuzinyuzi nyeupe kichwani na mabegani. Akaiona pikapu. Akamuona Royce. Akaniona mimi na macho yangu mekundu, na hatua zake zikapungua.

"Kuna msiba?" akauliza.

"Hakuna, Baba."

"Kijana."

"Mzee Hollis," Royce akajibu, kofia kifuani.

Baba akapita, akapanda ngazi, akaingia ndani, nami nikamfuata. Hakumkaribisha Royce ndani, wala hakumfukuza. Mama akaliweka beseni chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, akaingia nyuma yetu. Mama yangu ana kimo cha kunifikia begani, lakini nimemuona akimgeuza mhubiri mzima kwa neno moja.

"Hollis, vua viatu ukae. Kuna wimbo wa mtoto wako na hauna nyuzi."

Baba akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Nani kasema hauna?"

"Aliyezing'oa. Yuko pale nje amesimama kama mlingoti."

Baba akatazama kupitia mlango wa wavu, akamtazama Royce kwa muda mrefu. Halafu akavua kiatu cha pili, akaenda kukaa kwenye kiti chake, karibu na gramafoni anayosikilizia kwaya zake. Hakusema ndiyo. Lakini alikuwa amekaa.

Nikaichukua santuri. Nimeimba mbele ya watu elfu mbili walevi na chupa zikiruka. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa nikiiweka ile sindano kwenye mstari wa mwisho wa upande wa pili.

Sauti yangu ikatoka, peke yake, haina nguo.

Baba hakunitazama. Alitazama zulia. Kwenye mstari wa tatu, mkono wake wa kulia ukainuka kutoka gotini, kidogo tu, ukaanza kupiga mapigo. Chini, kushoto, kulia, juu. Kama Jumapili. Sidhani alijua. Mama alijua, alikuwa amefunika mdomo kwa aproni.

*Ukichelewa usibishe hodi,
mlango wangu sikuufunga.*

Halafu ule ubeti wa pili ukaisha, na pengo likaja. Nilitamani ardhi inimeze. Mapigo thelathini na mawili ni marefu mno ukiwa umekaa na baba yako. Lakini mkono wake haukusimama. Uliendelea kupiga, chini, kushoto, kulia, juu, ukihesabu ukimya. Kichwa chake kikaanza kuinamia upande. Akatoka kwenye kiti. Mzee wa miaka sitini na mbili, mwenye goti bovu, akapiga magoti kwenye zulia na kuweka sikio karibu na spika.

Ubeti wa tatu ukaja, ukaisha. Sindano ikabaki inakwaruza.

"Rudisha," akasema. "Pale ulipokaa kimya."

Nikarudisha. Akasikiliza pengo lote, macho amefumba.

"Kuna mtu huko nyuma," akasema. "Mbali. Mtu analia, au ni upepo."

Nikajua mara moja ni nini. Ningeweza kumdanganya. Lakini mimi pia ni mtoto wa kanisa.

"Ni stili, Baba. Ni Royce. Nilipokuwa naimba nilikuwa nimevaa spika za masikioni ili nimsikie. Ameshushwa, lakini sauti yake ilivuja kutoka kwenye hizo spika ikaingia kwenye maikrofoni yangu. Haiwezi kutoka. Sikujua kama mtu anaweza kuisikia."

"Kwa hiyo ni nyuzi."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa hiyo nimesikiliza nyuzi."

Mama akasema kwa upole, "Hollis, hukujua."

Baba akabaki palepale kwenye zulia, nyuzinyuzi za pamba bado mabegani. Mkono wake ukapapasa mfuko wa shati, ukatoa kile kifilimbi, ukakizungusha zungusha.

"Mara ya kwanza sikujua," akasema. Akakohoa. "Mara ya pili nilijua."

Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa amejua. Aliniambia nirudishe, akijua.

Nikaenda nikakaa chini karibu naye, nikaweka kichwa begani kwake, na vumbi la pamba likaniingia puani nikapiga chafya. Akanipigapiga mgongoni kama nilipokuwa mtoto. Mzigo wa miaka saba ulinitoka kwa chafya, sina namna nyingine ya kusema.

"Umeanza chini mno," akasema baada ya muda, akapuliza kifilimbi. "Sauti yako inataka kupanda."

"Wewe ndiye uliyenifundisha kuanza chini."

"Basi nilikosea." Hakuwahi kusema hivyo maishani mwake, na akalisema kama jambo dogo. "Mwite huyo kijana."

Sikuhitaji kuita. Royce alikuwa ameshapanda ngazi, amesikia gramafoni imenyamaza na uvumilivu umemwishia. Tukamuona nyuma ya mlango wa wavu, kofia mkono mmoja, mkono mwingine umeinuka ugonge.

"Usibishe hodi," Baba akasema bila kugeuka. "Hukusikia wimbo? Ingia."

Akaingia. Alisimama katikati ya sebule kama amebeba mayai.

"Pale penye pengo," Baba akamwambia. "Ulipiga nini?"

"Nikalete stili, mzee? Iko garini."

"Humu ndani tunatumia mdomo. Niimbie."

Royce akanitazama kwa hofu ya kweli. Mtu ambaye vidole vyake vinaweza kuliza jiwe ana sauti ya lango lililokosa mafuta. Miaka mitatu nimempenda sijawahi kumsikia akiimba bafuni, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini akafumba macho, na kwa ajili yangu akaimba. Mapigo yote thelathini na mawili. Kila alipopanda alipotea, kila aliposhuka aligonga ukuta. Mama alitoka sebuleni mbio akisema mkate unaungua, na hatukuwa na mkate jikoni. Baba alimpigia mapigo mpaka mwisho, uso mkavu, kwa heshima zote za kanisa.

Alipomaliza, Baba akaushusha mkono.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Zirudishe nyuzi."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Jikoni Mama naye alikuwa anacheka, na Royce, mwekundu mpaka masikioni, akaanza kucheka, na mwishowe kitu kikatikisika kwenye mabega ya baba yangu na pamba ikaanguka juu ya zulia.

Nikaenda ukumbini penye simu, nikapiga kiwandani. Sikusubiri Ijumaa. Mwanamke wa huko akaniuliza, "Ni ndiyo au ni hapana, Bi Strickland?"

"Ni hapana," nikamwambia, na sijawahi kusema hapana kwa furaha kama ile. "Wimbo wa kumi unarudi studio. Kuna mtu anarudi ndani yake."

Nilikuwa bado nimeshika simu sikioni, yule mwanamke wa kiwandani anaandika, niliposikia Royce huko sebuleni akikohoa.

"Mzee Hollis. Na lile jambo jingine. Lile nililokuja nalo siku ile."

"Jambo gani?"

"La Leta. Hukunijibu."

Nikaifunika simu kwa kiganja. Nikasikia kiti cha Baba kikilia alipokuwa anajiinua kukirudia, goti lake bovu na yote.

"Nimekujibu mlangoni," Baba akasema. "Wanaobisha hodi ni wageni."